Kamati ya Karo Haipimi Wito

Hotuba kwa wanafunzi wa theolojia, wazazi na wazee wa makanisa waliokutana Kisumu. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Bwana asifiwe! Na kwa ndugu zetu Wakatoliki waliofika kutoka Kakamega na Bungoma: Tumsifu Yesu Kristo!

Waheshimiwa wachungaji na mapadre, wazee wa makanisa, akina mama, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliochagua viti vya karibu na mlango: nawashukuru kwa kunialika. Kwa miaka 18 nilikuwa mhazini wa chuo cha theolojia katika eneo hili la magharibi, na kwa miaka hiyo yote nilikaa katika kamati inayogawa msaada wa karo. Mhazini si mtu wa kupendwa. Mwanafunzi akikutana na mkuu wa chuo hukumbuka sala. Akikutana na mhazini hukumbuka salio. Kwa hiyo ninapowaona mmetulia hivi mkinisikiliza kwa hiari yenu, nafarijika kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa nieleze ni nani anayestahili kusaidiwa karo katika seminari na vyuo vyetu vya theolojia, ni nani asiyestahili, na kwa nini. Nitasema neno moja sasa hivi na nitalirudia mpaka mlichoke: kamati ya karo haipimi wito. Kamati ya karo hupima mahitaji. Wito wako umekwisha kupimwa na kanisa lako, na askofu wako au mwangalizi wako, na wale waliokuhoji kabla hujapewa nafasi chuoni. Ukifika mbele ya kamati ya karo, swali la wito limejibiwa tayari, na linalobaki ni swali la hesabu.

Kwa nini nasisitiza jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu nimeona madhara yake. Katika mwaka wangu wa tatu kazini tulipokea ombi la kijana mmoja yatima, mtulivu, mwenye alama nzuri. Katika fomu aliandika kwamba baba yake amefariki, lakini hakuambatisha cheti cha kifo. Utaratibu wetu ulidai cheti. Tukamwandikia barua ya mistari minne iliyosema kwamba kamati imekaa, imelitazama ombi lake, na imeona kwamba hastahili. Kijana akaisoma, akakunja nguo zake, akarudi nyumbani. Alimweleza mama yake kwamba Mungu amemkataa, maana watumishi wa Mungu wamekaa kikao na kuandika kwa kalamu kwamba hastahili. Miezi mitano baadaye akaja mjomba wake na cheti kile mkononi, akatuuliza kwa upole kama karatasi hiyo ndiyo iliyomfukuza mtoto wao. Muhula ulikuwa umepita, na kijana alipoteza mwaka mzima.

Nani alikosa? Tulikosa sisi. Tuliandika kwamba hastahili bila kusema hastahili nini. Tangu siku hiyo barua zetu zilibadilika: ombi lako halijakamilika, linakosa karatasi fulani, ilete kabla ya tarehe fulani. Ninyi mnaokaa katika kamati za makanisa, nendeni mkazisome barua mnazoandika, na mjiulize zingesomekaje jikoni kwa mama wa mwombaji.

Hata hivyo swali la nani alipiwe na nani ajilipie halikuanza na sisi. Ndugu zangu Waprotestanti msinikunjie nyuso nikiutaja Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki. Najua haukuwa mkutano wetu. Lakini mwaka 1563 mtaguso huo ulipoagiza majimbo ya Kanisa yaanzishe seminari, uliweka masharti ya aina mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka muione. Kwanza uliweka masharti ya kuingia: kijana awe ametimiza angalau miaka 12, awe amezaliwa katika ndoa halali, ajue kusoma na kuandika kwa kiasi cha kutosha, na tabia yake itoe matumaini kwamba atadumu katika utumishi. Kisha, kando kabisa, likaja suala la gharama: watoto wa maskini wachaguliwe kwanza, na watoto wa matajiri wasikataliwe, ila wao wagharimie masomo yao wenyewe. Fedha za kuwatunza wale maskini zilitolewa wapi? Katika mapato ya jimbo, yakiwemo mapato ya askofu mwenyewe. Nasikia wazee fulani wanacheka. Chekeni, lakini mlisikie: yeye aliyeagizwa kufungua seminari aliagizwa pia kuingiza mkono mfukoni.

Mnaona jinsi walivyotenganisha? Mtoto wa tajiri anaweza kuwa na wito wa kweli kabisa na bado asistahili kulipiwa. Mtoto wa maskini akilipiwa, si kwa sababu wito wake ni mkubwa kuliko wa mwenzake. Ni kwa sababu kwao hakuna. Kamati ya karo haipimi wito.

Sasa mahitaji hupimwaje? Wengi wanadhani kamati humtazama mtu viatu. Hapana. Tunaanza na gharama nzima ya mwaka: karo, malazi, chakula, vitabu, nauli ya kwenda na kurudi, na gharama za mafunzo ya kichungaji pale ambapo mwanafunzi hupelekwa parokiani au mtaani. Kisha tunatoa kile ambacho familia inaweza kutoa, tunatoa kile ambacho kanisa lake limeahidi, tunatoa basari nyingine yoyote aliyopata, na tunatoa kipato chake mwenyewe kama anacho. Kinachobaki ndicho hitaji. Mwanafunzi ambaye kwake kinachobaki ni sufuri hastahili msaada wetu hata akihubiri kama malaika, na ambaye kwake kinachobaki ni kikubwa anastahili kufikiriwa hata kama mahubiri yake yanawalaza watu usingizi.

Hesabu hiyo inasikika rahisi, lakini ugumu wake uko katika neno hilo, kile ambacho familia inaweza kutoa. Niwape mfano. Mwaka mmoja tulikuwa na waombaji wawili na fedha za kumtosha mmoja. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkulima mwenye ekari tano za miwa. Wa pili alikuwa mtoto wa mjane anayeuza omena sokoni. Kamati ilikuwa karibu kumaliza kazi katika dakika tano: mwenye ekari tano ajilipie, mtoto wa mjane asaidiwe. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye maisha yake yote amelima miwa, akaomba kusema. Akatuuliza kama tunajua muwa hukaa shambani muda gani kabla ya kuvunwa. Akatueleza kwamba mkulima hungoja mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, na muwa ukishavunwa hungoja tena kiwanda kimlipe, na huyu mkulima tunayemzungumzia alikuwa na msimu mzima wa malipo ambayo hayajaingia. Kwenye karatasi alikuwa tajiri, na jikoni kwake chumvi ilikuwa ya kukopa. Yule mjane, kwa upande wake, alikuwa na chama cha akina mama, alikuwa na akiba, na alikuwa na fedha mkononi kila jioni, kidogo lakini za uhakika.

Sisemi kwamba mtoto wa mjane hakustahili. Alistahili. Nasema kwamba baada ya kumsikiliza yule mzee tuliona kwamba wote wawili walikuwa na hitaji, na hitaji la mtoto wa mwenye shamba lilikuwa kubwa zaidi mwaka ule, kwa hiyo tuligawa msaada kwa sehemu zisizo sawa na tukawaandikia wote wawili kueleza. Shamba si fedha. Ng'ombe si fedha mpaka auzwe, na akiuzwa mwaka huu, mwaka ujao hayupo. Fomu inayouliza tu una ekari ngapi na mifugo mingapi, bila kuuliza vinaleta nini na lini, itakosea katika nchi ya miwa, itakosea katika nchi ya mpunga kule Ahero, na itakosea hapa ufuoni mwa ziwa ambapo mapato ya mvuvi hupanda na kushuka kila juma.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na methali hiyo ingefaa kuchapishwa juu ya kila fomu ya basari. Nimewaona watoto wa wachungaji wakiandika kwamba baba ana mshahara mzuri, kwa sababu waliona aibu kuandika kwamba parokia haijamlipa tangu mavuno yaliyopita. Kamati haiwezi kuona usichoandika.

Wapo na wa upande wa pili, wanaojaza umaskini ambao hawana. Kijana mmoja alijiandika yatima wa pande zote mbili, na barua yake ilikuwa ya kuliza. Tukamlipia muhula wa kwanza. Mwezi wa pili wa muhula simu ya ofisi ikalia. Alikuwa baba marehemu, akipiga kutoka Nakuru, akiuliza salio la karo la mwanawe ili atume kwa M-Pesa. Nilimjibu kwa heshima zote anazostahili mtu aliyefufuka.

Mnacheka, nami nilicheka, lakini sikilizeni yaliyofuata. Kikao cha nidhamu kilipokaa, baadhi ya walimu walitaka kijana afukuzwe kwa sababu uongo wake ulionyesha kwamba hana wito. Mimi mhazini ndiye niliyepinga. Nilisema kwamba suala la tabia yake ni la mkuu wa chuo na la kanisa lake, na walitazame kwa njia zao. Suala la kamati ya karo ni kwamba alipewa fedha asizostahili, basi azirudishe. Alizirudisha, kwa awamu, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Kanisa lake nalo lilimshughulikia kwa namna yake. Tusichanganye mizani mbili.

Nihamie katika jambo la pili, ambalo ni chungu zaidi kwa sababu mwanafunzi huligundua akiwa amekwisha kulipa. Kabla hujauliza kama wewe unastahili, uliza kama chuo chako kinastahili.

Fedha za umma hufuata sheria za umma. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote tunaiita HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995 ili kuendeleza kazi ya mpango wa mikopo wa serikali ulioanza mwaka 1974. Inawakopesha wanafunzi Wakenya walio katika vyuo vinavyotambulika. Nani hutambua? Kwa shahada ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Kwa vyuo vya ufundi na mafunzo ya kazi ipo mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Chuo cha Biblia ambacho hakimo katika orodha hizo kinaweza kuwa na walimu watakatifu na maktaba nzuri, lakini mwanafunzi wake asitegemee mkopo wa serikali.

Binti mmoja kutoka pande za Luanda, kule Vihiga, alinijia akilia. Alikuwa amelipa karo ya mwaka katika chuo kilichokuwa na vyumba vinne juu ya duka katika mji ambao sitautaja, akiahidiwa shahada ya theolojia kwa miezi 18. Familia ilikuwa imeuza ng'ombe wawili. Alipofungua ukurasa wa kuomba mkopo, akatafuta jina la chuo chake katika orodha, hakuliona. Akadhani mtandao una hitilafu, akarudi siku ya pili, na ya tatu. Nilipompigia simu mkurugenzi wa chuo kile alinijibu kwamba wao wametambuliwa na Mbingu. Sina njia ya kuthibitisha hilo, lakini najua kwamba Mbingu haitoi mikopo ya karo.

Wazazi wenzangu, kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni chuo kimesajiliwa na nani, ulizeni cheti kitakachotolewa kitakuwa na jina la chuo gani, kwa kuwa vyuo kadhaa vya theolojia hutoa shahada kupitia chuo kikuu kingine, na mkishajibiwa, ulizeni pia kwa waliotajwa. Msiishie kwa anayepokea fedha. Vivyo hivyo kwa basari za maeneo bunge, ambazo zimekuwa nasi tangu mfuko wa maendeleo wa maeneo hayo, CDF, uanzishwe mwaka 2003: kamati itataka kuona barua ya kupokelewa chuoni, muundo wa karo, na uthibitisho kwamba wewe ni mkazi wa pale, na hundi huandikwa kwa jina la chuo. Kama chuo hakina akaunti ya benki kwa jina lake, hiyo peke yake ni habari.

Kwa ndugu Wakatoliki hali ni tofauti kidogo, na nimewahi kuulizwa na mjomba wa mseminari mmoja mahali zinapopatikana fomu za Roma. Hakuna fomu za Roma, mzee wangu. Ila ipo historia nzuri. Mwaka 1889, katika mji wa Caen nchini Ufaransa, mama mmoja aitwaye Stéphanie Bigard na bintiye Jeanne walianza kuchangisha fedha baada ya kupata barua ya askofu wa Nagasaki, Japani, aliyekuwa na vijana wa kufaa upadre lakini hakuwa na cha kuwasomeshea. Kazi ya wanawake wale wawili ndiyo leo inayoitwa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, na lilipewa hadhi hiyo ya kipapa mwaka 1922. Fedha zake hupitia kwa askofu na kwa seminari, na haziingii mfukoni mwa mseminari. Kwa hiyo mwenye shida amwone gombera wake, yaani mkuu wa seminari, na gombera ndiye anayejua kilichopo. Bado familia na parokia huombwa mchango wao, na ni haki.

Jambo la tatu ni barua ya kanisa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wazee mliomo humu mnaweza kurekebisha mambo kesho asubuhi.

Kila mwombaji huleta barua ya mchungaji au ya baraza la wazee, na nyingine ya chifu au naibu wake. Tunaitaka ya kanisa kwa sababu kanisa linaijua nyumba. Lakini barua nyingi tunazopokea hazisemi lolote. Mwaka mmoja nilipokea barua tatu za waombaji watatu wa usharika mmoja, na zote zilikuwa na maneno yale yale, nukta kwa nukta, isipokuwa majina. Zote zilisema kwamba ni kijana mcha Mungu kutoka familia isiyojiweza. Katika moja, mwandishi alisahau kubadilisha jina katika aya ya pili, kwa hiyo binti aliyeitwa Ruthu katika aya ya kwanza alikuwa Petro katika aya ya pili. Wale wawili wa kwanza walikuwa na hitaji la kweli. Wa tatu baba yake alikuwa na lori mbili. Barua zile ziliwafanya wote watatu kuonekana sawa, na waliodhulumiwa ni wale wawili.

Linganisheni na barua niliyoletewa na katekista mmoja mzee, iliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari. Aliandika kwamba kijana huyu ni wa tatu kati ya watoto saba, kwamba baba ana kisukari na hafanyi kazi tangu mwaka juzi, kwamba mama hufua nguo kwa watu siku tatu kwa juma, kwamba kanisa limechanga kiasi fulani na haliwezi kuongeza, na kwamba kaka yake mkubwa ni mwalimu ambaye angeweza kusaidia lakini hawasikilizani. Hakuandika neno mcha Mungu hata mara moja. Tulijua la kufanya kabla ya kugeuza karatasi, na mmoja wetu hata alimpigia simu yule kaka mwalimu, naye akakubali kulipa nauli.

Wazee wangu, mkiandika barua ya karo msituambie jinsi kijana anavyoomba. Tuambieni jinsi kwao wanavyokula. Ushuhuda wa wito muuandike katika barua ile nyingine, ya kuingia chuoni.

Na sisi tunaosoma barua hizo tuna wajibu pia. Mambo ya ugonjwa wa baba na ugomvi wa ndugu si ya kubandikwa ukutani wala kusimuliwa baada ya ibada; nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hata kabla ya sheria hiyo tulikuwa na haya. Nimewahi kuona orodha ya wanafunzi fukara, ndivyo ilivyoandikwa, imebandikwa kwenye mlango wa bwalo la chakula. Mjumbe wa kamati ambaye mwanawe au mpwa wake ameomba atoke nje jina hilo likifikiwa, asingoje kuambiwa. Mtume Paulo alipokuwa akipeleka mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Aliwatuma Tito na ndugu wengine ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Ikiwa Paulo alihitaji mashahidi katika suala la fedha, sisi ni nani?

Sasa niwageukie wanafunzi. Kustahili mwaka huu si kustahili mwaka ujao. Msaada wa karo hupitiwa upya, na karibu kila mfuko ninaoujua una masharti ya kuendelea: uwe umesajiliwa katika masomo, usishuke chini ya kiwango cha alama kilichowekwa, na useme ukipata msaada mwingine. Hilo la mwisho ndilo mnalolikimbia. Mwanafunzi hupata basari ya kaunti, kanisa la mji humfanyia harambee, naye hunyamaza akiogopa kwamba tutapunguza chetu. Ndiyo, tutapunguza, kwa sababu kile kinachobaki kimepungua, na kuna mwenzako ambaye kwake hakijapungua.

Lakini mabadiliko yana pande mbili. Mwaka 2024, mafuriko ya mvua za masika yalipoingia mashambani na majumbani huko Nyando, mwanafunzi mmoja alinyamaza muhula mzima akidhani kwamba kwa kuwa fomu hujazwa Januari, basi hali ya Mei haihesabiki. Tulijua habari zake kupitia mpishi. Hali ya Mei inahesabika! Mzazi akifiwa, akiachishwa kazi, nyumba ikibebwa na maji, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje fomu.

Kuhusu mikopo nitakuwa mfupi. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu sana ukilinganisha na benki: deni la shilingi 160,000 huzaa shilingi 6,400 kwa mwaka. Ila anayekwepa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na wadhamini wake wawili hutafutwa. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kukopa akitegemea mshahara. Wewe unakwenda kutumikia parokia ambayo sadaka yake ya Jumapili unaijua, kwa sababu umeihesabu wewe mwenyewe. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sisemi usikope, nasema kopa kile tu ambacho msaada na familia havikufikia, na ukimaliza masomo bila kipato, waandikie wakujue badala ya kuzima simu.

Na wale wenye barua za kupokelewa katika seminari za Marekani, hongereni, lakini barua ya kupokelewa si barua ya kulipiwa. Mikopo ya masomo ya serikali ya kule, ambayo hata wanafunzi wa seminari zinazotambulika hupata, ni ya raia wao na wakazi wachache waliotajwa katika sheria; mgeni mwenye viza ya masomo hayumo. Kinachobaki kwake ni ufadhili wa seminari yenyewe au wa mashirika ya kanisa. Tena, kabla ya seminari kukupa ile fomu ya I-20 unayokwenda nayo ubalozini kuomba viza, utatakiwa kuonyesha zilipo fedha za mwaka wa kwanza, karo na maisha pia. Muwaulize kwanza, ndipo muuze shamba. Afadhali zaidi, msiuze shamba.

Kabla sijaketi, nina deni la jibu. Asubuhi, kabla hatujaanza, mama mmoja kutoka Ahero alinishika mkono pale nje, akaniuliza kama mwanawe anaweza kuomba ilhali kaka yake aliye Nairobi hulipa nusu ya karo. Mama, jibu ni ndiyo. Nusu inayolipwa tutaitoa katika hesabu, na nusu iliyobaki ndiyo tutakayoitazama. Aje na barua ya kupokelewa, muundo wa karo wenye mhuri wa chuo, nakala ya kitambulisho chake na chako, stakabadhi za zile fedha ambazo kaka amekwisha kulipa, na barua ya kanisa iliyoandikwa na mtu anayeijua nyumba yako. Kama baba yake amefariki, alete cheti cha kifo. Na kama cheti hakijatoka, aje hivyo hivyo na aseme hakijatoka, nasi tutaandika kwamba ombi halijakamilika. Fomu ziko kwa katibu, kwenye meza ile yenye kitambaa cha buluu, na hazilipiwi.